Jina la Mama Mkwe

Mwalimu alisukuma korosho isiyobanguliwa katikati ya mkeka, akalitaja jina la mtoto. Aliyeitika "Abee" ni bibi yake.

Nilikuwa kibarazani kwa jirani yangu, hapa Likombe. Mtoto wao wa miaka sita hujifunza polepole, hivyo mwalimu huja kumfundisha kwa michezo. Januari anaanza shule, na mwalimu ameapa kwamba siku hiyo mtoto ataitika jina lake. Mchezo ni mwepesi: anayeitwa ndiye anayedaka korosho. Walirudia mara saba. Mtoto hakugeuka hata mara moja.

"Kwani nyumbani mnamwitaje?" mwalimu akauliza.

"Bibi," mama yake akajibu, macho chini. "Amerithi jina la mkwe wangu. Mimi nitalitamkaje?"

Sisi watu wa huku kwa heshima hatujambo. Tumemheshimu bibi mpaka mjukuu hajui anaitwa nani.

Bibi akasogea. "Mwanangu, mimi nimeitwa vya kutosha. Mwite mwenzangu."

"Mama, siwezi."

"Utaweza. Na mimi leo siitiki."

Akajiziba mdomo kwa upindo wa kanga, asije akasahau. Mwalimu akamkabidhi mama korosho. Aliishika kwa mikono miwili, akaitazama, kisha akamtazama mwanawe, ambaye alikuwa ameshatandaza viganja mkekani akingoja.

Mama akaisukuma.

"Somoe," akalitamka.