Baibui la Mama Mkwe na Leza Yangu

Jamani, mimi ni mwalimu wa fizikia hapa Lushoto, na Jumamosi iliyopita nilijiaibisha mbele ya mama mkwe.

Alikuja kututembelea kutoka Mponde. Nikataka aone kigari nilichokiunda, chenye kihisi cha leza, kidogo kama ukucha, kinachopima umbali ili kigari kisimame kabla ya kugonga kitu.

Nikakiwasha. Kikaenda moja kwa moja kikamgonga mguuni.

"Ni ukungu huu, mama," nikasema, nikafunga dirisha. Kikamgonga tena.

Ndipo nikamweleza, kwa sauti ya darasani, kwamba baibui lake jeusi linameza mwanga wa leza. Kwa heshima zote nikamwomba ajifunike shuka jeupe. Mama wa watu akajifunika, akatulia.

Kikamgonga.

Mke wangu, Rehema, akakiokota kigari, akakikagua.

"Baba Hamisi, hii nailoni juu ya kihisi si ya kubandua?"

Akaibandua. Safari hii kigari kikasimama mbali na mama, kwa adabu kabisa.

"Mkwe wangu," mama akauliza kutoka ndani ya shuka, "na mimi sasa nijibandue?"