Siku Thelathini za Mama Veronika

Siku yangu ya kwanza katika ofisi ya mawakili, mtaa wa Chemchem, Wakili Mkuu alinikabidhi barua ya mtu aliyefukuzwa kazi. Nikaanza kuisoma kwa sauti ya masikitiko. Akanikatiza: "Karani, tarehe kwanza. Huruma ina zamu yake."

Wakati ule mashauri ya ajira yalikaa katika kabati moja, chini ya viwanja na mirathi. Mfanyakazi aliyeonewa alikwenda kwa Afisa Kazi, mwajiri akaitwa, wakasemezana. Mara nyingi jambo liliishia hapo. Sheria ilipobadilika ikaja tume ya usuluhishi na fomu zake, na anayepinga kuachishwa kazi akapewa siku thelathini za kulalamika. Kabati likawa chumba, chumba kikawa idara, nami nikapandishwa kuwa msaidizi wa sheria. Nilikwenda Kigwa kwa treni na Kaliua kwa malori, nikiandika maelezo ya watu wasiojua kwamba siku zao zinahesabiwa. Nilijiona mjuzi, na ujuzi ule ndio ulionipofusha.

Mama Veronika alikuwa mpanga madaraja katika ghala la tumbaku la mtu binafsi huko Usinge. Kazi yake ilikuwa kushika jani, kulinusa, kulinyoosha kwenye mwanga, kisha kubandika karatasi ya daraja juu ya robota. Meneja alimfukuza mbele ya wapakiaji, akidai ameiba kwa kubadilisha karatasi ili shemeji yake mkulima alipwe zaidi. Siku ya tano akawa mbele ya meza yangu.

"Sidai kulipwa, baba," alisema. "Nataka waulizwe mbele yangu: nani aliniona nikiiba?"

Haja yake yote ilikuwa hiyo. Lakini Meneja alikuwa ametanguliza wazee, nao wakaomba shauri lisivuke mto kwenda kwenye tume kabla hawajakaa. Kwetu, kumshitaki mtu ilhali wazee wameshika neno ni kuwatukana. Sikumuuliza Wakili Mkuu. Nilisema, "Subiri, Mama. Tuwape wazee nafasi."

Kikao cha kwanza Meneja aliugua. Cha pili alisafiri. Cha tatu alikuja, akaketi, akacheka: "Wazee wangu, kwani huyu mama ana treni ya kuwahi?"

Siku ya thelathini na nne nilimpelekea Wakili Mkuu jalada. Akatazama tarehe.

"Wazee wamekuongezea siku ngapi?"

Tuliomba kuongezewa muda. Maombi hayo hutaka kiapo, yaani maelezo ya maandishi ya aliyeapa, yenye sababu ya msingi ya kuchelewa. Sababu ya kweli ilikuwa mimi.

"Ukiandika hivyo," Wakili Mkuu alisema, "nani atapanda tena ngazi zetu?"

Nikaandika kwamba mwombaji, kwa uamuzi wake mwenyewe, alichagua kuzungumza na wazee. Mama Veronika akatia sahihi bila kusoma, kwa kuwa aliniamini. Maombi yakakataliwa: mazungumzo ya pembeni hayasimamishi muda. Hakuna aliyeulizwa kama alimwona akiiba.

Idara ikazidi kukua. Waajiri nao wakaja, tukawaandikia barua za kuachisha kazi zisizo na tundu. Niliheshimiwa kwa miaka mingi kuliko nilivyostahili. Ninyi makarani mnaoingia kazini leo mna kompyuta za kuwakumbusha tarehe. Hakuna itakayowakumbusha kusema kweli katika kiapo cha mtu mwingine.

Nilipostaafu kwa hiari nilikwenda Usinge.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba." Alinisikiliza hadi mwisho bila kunionyesha pa kuketi. Kisha akasema, "Mimi nilijua sikuiba. Kawaambie wasiojua."

Kati ya wapakiaji wa siku ile nilimpata mmoja tu, ambaye sasa anauza mbegu. Nilimweleza yote: kusubiri, kiapo, uongo wangu. Aliitikia kwa adabu, akafuta vumbi kwenye mizani yake.

"Nimekuelewa, mzee wangu. Lakini kama hakuiba, mbona alishindwa kesi?"