Kafuri Nyumbani kwa Liwali

Mpaka leo sipendi kafuri. Mjukuu wangu akifungua kasha la nguo, harufu ile baridi hunipanda puani, nami nikarudi kuwa mtoto wa miaka sita pale Bagamoyo, katika nyumba ya liwali. Liwali alikuwa baba yangu. Seyyid wa Unguja ndiye aliyemweka ausimamie mji, na bendera nyekundu ya Seyyid ilipepea juu ya nyumba yetu.

Asubuhi moja niliamshwa na kimya. Hakuna kinu kilichosikika, hakuna aliyeteka maji kisimani. Wazee wa mji walikuwa wamejaa ukumbini, wamekaa mikekani bila kuzungumza, na kila aliyeingia alivua viatu akakaa, hata hodi hakupiga. Kisha nikaisikia kafuri. Sisi watoto tuliijua kwa kazi moja tu, ya maiti.

Nikachungulia chumba cha shangazi. Juu ya kitanda kulikuwa na kitu kirefu kimeviringwa bafta nyeupe, naye anakifunga kwa kamba huku machozi yakimtiririka.

"Shangazi, nani kafa?"

"Hakufa mtu. Nenda uani, mwanangu."

Nani angemwamini? Nikaanza kuhesabu watu wa nyumba, kama mtu ahesabuvyo vifaranga jioni. Mama yupo jikoni, amejiinamia. Bibi yupo kwenye msala. Kaka zangu wapo. Aliyekosekana ni baba peke yake.

Hapo mlango wa chumba cha ndani ukafunguka, baba akatoka. Amevaa kanzu nyeupe na joho, ndevu zinadondosha maji ya udhu, uso umepauka. Alipita katikati ya wazee wale na hakuna aliyemtazama. Kwangu huo ulikuwa ushahidi tosha kwamba ndiye aliyekufa: hawakumwona. Akaja akasimama mbele yangu, akanyoosha mkono nimwamkie na kuubusu, kama kila siku.

"Huniamkii leo, mwanangu?"

Mkono ulinuka kafuri. Nilipiga ukelele, nikakimbilia nyuma ya mama. Baba alibaki ameunyoosha vile vile, kisha akaurudisha taratibu ndani ya joho, akatoka nje.

Nilikuwa mtu mzima, nimeshaolewa, shangazi aliponieleza. Ndani ya bafta ilikuwamo bendera ya Seyyid. Baba aliishusha mwenyewe alfajiri, akaikunja pamoja na shangazi, na kafuri ilikuwa ya kufukuza nondo tu. Manowari ya Wajerumani ilikuwa imetia nanga mbele ya mji, nao walimpa baba hadi adhuhuri: asimame chini ya bendera yao na aendelee na uliwali kwa jina lao, ama mji upigwe mizinga. Alisimama. Mji ukapona, na wengi waliopona hawakumpa mkono tena.

Nilimsikiliza shangazi huku nikicheka ujinga wangu, mara kicheko kikanikauka. Tangu siku ile baba hakuwahi kuninyooshea mkono. Alingoja nianze mimi, nami nilidhani ni ukali wake tu. Kumbe aliamini kwamba mtu wa kwanza kumkataa mjini alikuwa binti yake. Nilipoyajua hayo alikuwa kaburini mwaka wa tatu, na sikuwa na wa kumwambia kwamba mimi niliogopa maiti tu.