Taa Mbili za Mdogo Wangu

Sipendi mtu anisemeshe nikiwa na jicho kwenye darubini. Nyumbani kwetu Kimanga, kando ya ziwa linalotutenganisha na Burundi, wanalijua hilo. Wao wanaiita tiyo, na kweli ni tiyo, bomba la maji, lile la plastiki nene. Niliikata mwenyewe, nikatia kioo ndani, nikaisimamisha uani juu ya miguu ya mbao. Majirani husema nachungulia Burundi. Waseme.

Alfajiri ile niliamka mapema kwa ajili ya nyota kubwa ya kusini. Kwa macho matupu ni moja, lakini ukiitazama kwa tiyo unakuta ni mbili. Yapo pia mafungu ya nyota, yale yanayoonekana kama unga uliomwagika, nayo nayapenda, ila pacha ndizo zinazonikosesha usingizi kwa sababu zina ujanja. Nyingine zimeshikana kweli, zinazungukana, zinakwenda pamoja. Nyingine ni uongo mtupu: moja iko karibu, mwenzake yuko mbali huko nyuma, ni sisi tu tunaoziona kwenye mstari mmoja. Ukitazama mara moja hujui kitu. Inabidi usubiri, hata miaka, uone kama zinasafiri pamoja.

Nilikuwa bado nakaza skrubu risasi zilipolia upande wa ziwa. Mbili, kisha kimya. Nikaiacha skrubu.

Mdogo wangu alikuwa ziwani. Siku zile askari walikuwa wamekataza kuvua usiku, na mashua ya doria ilikuwa inapita. Lakini ndagala, vile visamaki vidogo, hufuata taa gizani, na usiku usio na mwezi huwezi kuuweka akiba. Mwenzake wa kuvua alikataa kwenda. Yeye akaenda peke yake, mkaidi yule, na taa zake mbili za betri, moja mbele ya mtumbwi, moja nyuma.

Mke wake alitoka nyumba ya pili akikimbia, kitenge amekifunga ovyo.

"Shemeji, umesikia?"

"Nimesikia."

Kulikuwa na mwanga mmoja tu mbali ziwani, unaelekea kaskazini polepole. Akaunyooshea kidole.

"Ile iko taa moja ao mbili?"

Alijua anachouliza. Doria hubeba taa moja. Mbili zingekuwa za mume wake.

Niliinamisha tiyo. Yangu inaonyesha vitu kichwa chini, kwa hiyo ziwa likawa juu na giza la milima likawa chini yake. Nikautafuta mwanga, ukanipotea, nikaupata tena. Zilikuwa mbili.

Sikuwa na hakika bado. Taa mbili zingeweza kuwa mtumbwi mmoja, na zingeweza kuwa mtumbwi na doria inayoufukuza kutoka mbali nyuma yake. Nikaamua kufanya kama ninavyofanya kwa nyota: kutazama nafasi iliyo kati yao. Ikibaki vilevile, zimeshikana.

"Weye sema basi."

"Nyamaza kidogo."

"Nipishe miye nione."

"Usiiguse!" Nilimkaripia vibaya, maana ukiigusa tu, kila kitu kinakimbia. Akabaki nyuma yangu, ameshika shati langu, na mimi nilikuwa naogopa kuliko yeye. Nilitazama hadi jicho likatoa machozi. Taa ya mbele ikitangulia, ya nyuma inafuata. Ya mbele ikipinda, ya nyuma nayo inapinda. Nafasi haikubadilika.

"Iko mbili," nikamwambia. "Zimeshikana. Ni yeye."

Akaachia shati langu, akacheka, akanitukana kwa kumchelewesha. Kisha akachukua beseni. Kwetu mke wa mvuvi huwahi ufukweni kupokea ndagala za mboga ya nyumbani kabla wachuuzi hawajauzunguka mtumbwi, na hakutaka wamtangulie. Nilimsikia akishuka njia ya ziwani, anaimba wimbo wa kanisani.

Mimi nikarudisha jicho kwenye tiyo, kwa furaha tu. Mbingu ilikuwa imeanza kuwa nyeupe upande wa Burundi. Sasa, nikiigeuza picha akilini, kila taa ilikuwa na umbo chini yake. Chini ya ile ya mbele nikaona watu wamesimama, wengi. Chini ya ile ya nyuma nikaona mtumbwi. Katikati yao kulikuwa na kamba, imekazika.

Nilikimbia na sandali moja mguuni. Nilipofika, doria ilikuwa imeshauvuta mtumbwi mpaka kwenye mchanga, na shemeji yangu amesimama majini na beseni lake. Taa moja ya mtumbwi ilikuwa imevunjika. Nyingine ilikuwa bado inawaka. Wavu ulikuwa ndani, na hamkuwa na mtu.

"Tumeukuta hivi," askari mmoja akasema.

Shemeji aliangalia ndani ya mtumbwi, akaangalia tena, kisha akanigeukia.

"Umesema ni yeye."

 Akalitupa beseni, akanishika mkono, akaanza kunivuta kupandisha njia ya nyumbani, mbiombio, nikaangalie tena vizuri kwa tiyo.