Jani Bichi la Kisaju

Ukitaka kumjua Wacuka, usimwangalie usoni, mwangalie mkono. Mkono ule, wee! Alipokuwa darasa la sita ulimng'oa kijana jino kwa sababu ya kalamu. Alipoanza kuuza mitumba sokoni Kisaju, ulimlaza chali kwenye matope mteja aliyemshika kiuno. Sawa, huyo alijitakia. Lakini mamake hakucheka.

"Wacuka, huo mkono utakuja kuua mtu. Na ni mimi nitakuwa nakuletea chakula jela."

Maneno hayo yalimwingia. Vijana walipoanzisha shamba lao la pamoja nyuma ya kanisa, yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kushika jembe. Hasira ikimpanda, analima. Na alilima! Vitunguu, nyanya, sukuma wiki, vyote kwa maji ya kisima cha kanisa, kiangazi kikiwa kimekausha kila kitu. Wakamfanya mwenyekiti. Mwaka mzima hakumgusa mtu, na hilo alijivunia kuliko hata vitunguu.

Siku ya kugawana mavuno ilikuwa Jumamosi moja ya Februari, jua likichoma utosi. Walikuwa bado wanapanga mafungu waliposikia ua wa miiba ukivunjika. Ng'ombe! Ng'ombe wenye kiu, mbavu nje, wameshanusa maji, nani angewazuia? Wakaingia wakikanyaga nyanya, wakang'oa sukuma wiki na mizizi yake. Nyuma yao akaja mbio mwenye ng'ombe, mfugaji mmoja aitwaye Simel, akipiga kelele na kuwachapa fimbo warudi.

Nani angemsikiliza? Kijana mmoja wa shamba, Mureithi, alikuwa ameshamkata ng'ombe panga mgongoni. Damu ikaruka. Simel kuona hivyo akapandwa na wazimu, akachomoa rungu akamtwanga Mureithi kwenye paji la uso, na Mureithi akaanguka kama gunia juu ya nyanya.

Hapo basi. Vijana wote walimvamia Simel kwa mateke, kwa mawe, kwa fito za ua. "Mnatuona mafala? Mpige! Mpige huyo!" Shuka lake likararuka. Mtu akamkanyaga shingo. Simel alilala katikati ya vitunguu, uso umejaa damu, jicho moja limefunga kabisa.

Akapapasa chini, akang'oa kitunguu kimoja na majani yake, akakiinua juu.

"Oneni! Bado anatuibia mbele ya macho yetu!" Wacuka akafoka. Na ule mkono uliokuwa umelala mwaka mzima ukaamka. Akashika mpini wa jembe, akaushusha kwa nguvu zake zote kwenye mkono wa Simel. Mfupa ukasikika ukivunjika.

Simel hakupiga yowe. Alikiokota kile kitunguu kwa mkono wa kushoto, akakiinua tena. Shetani mkaidi huyu, Wacuka akawaza, na akauinua mpini, safari hii akilenga kichwa.

"Wacuka, wacha! Hiyo ni nyasi!"

Alikuwa Naisula, mwenzao wa kikundi, aliyekuwa ameenda kisimani kuteka maji. Alijitupa juu ya Simel akamfunika kwa mwili wake.

"Nyasi gani? Si hicho ni kitunguu chetu!"

"Kwetu sisi Wamaasai, mtu akishindwa kwa vita anainua nyasi. Anaomba amani. Ukimpiga akiwa ameishika, umejilaani." Naisula alikuwa analia. "Sasa Februari hii, Wacuka, nyasi angeitoa wapi?"

Wacuka akatazama ng'ambo ya ua. Vumbi tupu mpaka macho yalipokomea. Jani bichi Kisaju nzima lilikuwa pale shambani kwao tu, na mtu alikuwa amelishika akiomba aachwe hai. Mpini ukamponyoka.

Mureithi alishonwa, akarudi nyumbani. Simel alipelekwa hospitali Kitengela. Jioni waligawana kilichobaki bila mzaha wala wimbo, na kila mtu akachukua fungu lake akaondoka.

Jumatatu Wacuka alibeba fungu lake lote mpaka Kitengela. Alimkuta Simel kitandani, mkono ndani ya plasta, jicho bado limevimba. Alimsalimia. Kwa aibu, maneno aliyokuwa ameyapanga njiani yakapotea yote. Akachomoa kwenye mfuko kitunguu kimoja chenye majani, akakiinua juu.

Simel akakitazama kile kitunguu.

"Mimi niliinua mara mbili," akasema.

Wacuka akakishusha. Akakiinua tena, kwa mkono ule ule, na hakuushusha mpaka alipoambiwa aketi.