Kahawa ya Kusimama

Kila Machi bibi mmoja kutoka Poland huja kutembea Roma siku tatu, na kahawa yake huinywa mkahawani kwangu akiwa amesimama kaunta, maana ukikaa mezani bei ni mara tatu. Chupa ameshaijaza maji kwenye bomba la mtaani, na mkate wa mchana ameufunga kwa kitambaa mkobani. Mke wangu Ornella humtania, "Bibi, kiti hakiumi." Naye hujibu, "Kinauma mfukoni." Mwaka huu goti lilimuuma hadi akawa anaegemea kaunta kwa viwiko. Nikamvutia kiti.

"Kaa, bibi. Nitakutoza bei ileile ya kaunta."

"Hapana, mwanangu. Nikizoea kiti, mwakani sitamudu kuja." Akakisukuma chini ya meza kwa mguu uleule unaomuuma.