Mlio Alioupenda Agapiti

Kwa miaka ishirini na sita Agapiti amesimamia mashine ya kukoboa mpunga pale Katindiuka, na kama hujawahi kukaa ndani ya kibanda cha mashine ya dizeli msimu wa mavuno, shukuru Mungu. Makelele yake yanaanzia kwenye nyayo na kuishia kwenye meno. Wateja huingia, hutua magunia, husema shida yao kwa vidole, kisha hukimbilia nje. Agapiti hubaki humo asubuhi hadi jioni, pumba zimemjaa kwenye nyusi, anatabasamu. Mkanda ukilegea anajua. Mpunga ukiwa na unyevu anajua. Mwenye mashine alishaacha kuita mafundi, maana Agapiti akisema mashine inaumwa mahali fulani, ikifunguliwa hukutwa inaumwa hapo hapo.

Sasa mtu wa namna hiyo akinunua gari, nani atamfundisha?

Alilinunua kwa mwalimu mstaafu wa mjini Ifakara, Corolla ya zamani ya gia za mkono, inayotumia petroli, na mwalimu alikuwa amelitunza vizuri mno. Hapo ndipo shida ilipoanzia. Injini ilikuwa kimya. Wiki ya kwanza Agapiti alikuwa analiwasha, anasubiri, kisha anazungusha ufunguo tena, na gari linalia krrrr! kwa sababu lilikuwa limeshawaka zamani. Mkewe Scolastica alikuwa anafumba macho kila akisikia krrrr hiyo.

"Halina sauti hili," Agapiti alilalamika. "Kitu kisicho na sauti utakiaminije?"

Jumamosi moja akafungua boneti, akalegeza nati, akakizungusha kidogo kile kifaa kinachogawa moto kwenye plagi, ambacho mafundi hukiita distributa. Alishawahi kuona mafundi wakifanya hivyo. Akalipeleka gari barabarani, akakanyaga mafuta, na injini ikaitika: ko-ko-ko-ko! Agapiti alicheka peke yake mpaka machozi. Ulikuwa mlio uleule wa mashine yake ya mpunga. Alikaza nati, akarudi nyumbani akiwa na furaha ya mtu aliyepata mtoto.

"Sasa limeamka," alimwambia mkewe.

Scolastica alisikia kokoto zinazotikiswa ndani ya kopo. Lakini yeye ni mwuza maandazi, na mume ndiye mtu wa mashine. Akabaki na lake moyoni.

Binti yao wa pekee, Omega, waliyempa jina hilo kwa kuwa walijua ni wa kwanza na wa mwisho, alikuwa ameolewa Mlimba na amejifungua mtoto wa kiume. Mtoto angebatizwa Jumapili, misa ya kwanza, na jina lake lingekuwa Agapiti. Babu mtu alivimba kichwa. Aliwatangazia watu wa mashineni, wa kanisani na wa kijiweni kwamba safari hii hapandi treni, anakwenda kumwona wajina wake kwa gari lake mwenyewe. Baada ya kusema maneno hayo kwa watu wengi kiasi hicho, mtu hawezi tena kuchelewa.

Jumamosi asubuhi wakapakia magunia mawili ya mchele, ndoo ya maandazi na jogoo wawili waliofungwa miguu. Scolastica akakaa mbele na kitenge kipya. Gari zito, barabara ya vumbi, na kila mwinuko ulipokuja injini ilipiga ko-ko-ko. Kadiri ilivyopiga ndivyo Agapiti alivyozidi kukanyaga.

"Sikia nguvu hiyo, Mama Omega!"

Walipoipita Mngeta, mshale wa joto ulianza kupanda na nguvu ikaanza kushuka. Kwenye mlima mdogo tu, ambao hata mvivu angeuita tuta, mama mmoja anayesukuma baiskeli yenye gunia la mkaa aliwapita, akawaamkia kwa adabu na kuendelea na safari yake. Hapo Agapiti akaacha kutabasamu. Treni ya siku hiyo ilikuwa imeshapita. Injini ikifa hapa, mtoto angebatizwa kwa jina la babu asiyekuwepo. Aliogopa, na hakuficha kwamba anaogopa.

Wakajikokota hadi kwenye maduka machache ya kando ya barabara, palipokuwa na gereji ya fundi mmoja aitwaye Muhidin, mtu wa makamo mwenye kofia ya kufuma na ovaroli iliyosahau rangi yake.

"Shikamoo mzee. Shikamoo mama."

"Marahaba, baba," Agapiti alijibu kwa nguvu. "Gari limechoka kidogo."

"Halijachoka, mzee. Nimelisikia tangu kule darajani. Linagonga."

"Kugonga linagonga! Ndiyo nguvu yake hiyo."

Muhidin alimtazama kuona kama ni utani. Alipoona si utani, akasogea karibu na kupaza sauti. "Linagonga hata likisimama, au mpaka ukanyage?"

"Mpaka nikanyage. Mlimani hasa."

"Ukiachia mafuta?"

"Linanyamaza."

"Basi Mungu anakupenda. Lingegonga hata likisimama, mlio mzito wa chini, ningekwambia tafuta lori la kulivuta. Hili moto wake unawaka mapema." Akakunja ngumi na kuipandisha polepole kuelekea kiganja cha mkono mwingine. "Hii ni pistoni, inapanda. Plagi inatakiwa iwashe inapokaribia kufika juu. Ikiwasha mapema, moto unaishindilia kichwani wakati bado inapanda. Huo mlio unaoupenda ni injini inapigwa ngumi, mzee."

"Mbona mashine yangu ya mpunga inagonga miaka yote?"

"Ile ni dizeli. Haina plagi, inajiwasha kwa kubanwa, na kugonga ndiyo tabia yake. Petroli ikigonga unaachia mguu, unapunguza gia, unatafuta fundi. Hukanyagi!"

Injini ilipopoa, Muhidin akainama ndani ya boneti, na muda si mrefu akaguna, kisha akapaza sauti tena.

"Kuna mtu ameigusa hii distributa. Alama yake ya zamani hii hapa, na yenyewe imekaa huku. Nani kafanya hivi?"

Agapiti akawatazama jogoo. Scolastica akamtazama Agapiti.

"Kuna fundi mmoja hivi," Agapiti alisema. "Wa Katindiuka."

"Ukimwona mwambie aache."

"Amesikia," alijibu Scolastica, na Muhidin akaelewa, akakohoa ili asicheke.

Alifungua plagi akazisafisha, mbili zilikuwa zimeanza kuliwa ncha. Akaongeza maji kwenye rejeta. Akairudisha distributa mahali pake, akapima wakati wa moto kwa taa yake ndogo, akakaza nati. "Kwa mwendo ule pistoni ingetoboka kabla hamjafika Mlimba," alisema. "Haya, washa."

Agapiti akaingia, akazungusha ufunguo. Akasubiri. Akazungusha tena. Krrrr!

"Mzee! Inawaka!"

"Inawaka?"

Aliinamisha kichwa kwenye usukani, akasikiliza, na uso ukamshuka. Muhidin hakucheka. Alizunguka nyuma ya gari, akasimama penye dirisha la nyuma lililo wazi, mahali Agapiti asipomwona, akasema kwa sauti ya kawaida, "Mzee, jogoo wako mmoja amefunguka."

Scolastica akageuka haraka kuwatazama jogoo. Agapiti aliendelea kuutazama usukani.

"Baba Omega," Scolastica aliita taratibu. Kimya. Akamgusa bega, akapaza sauti. "Tangu lini husikii?"

Agapiti alifikiri, na jibu lilipotoka lilikuwa la kweli kabisa. "Sijui. Kule mashineni kila kitu nakijua kwa miguu, sakafu inaniambia. Nyumbani... nilidhani tu umekuwa mpole."

Scolastica alicheka. Akacheka mpaka akashika mlango, kisha kicheko kikageuka, akawa anafuta machozi kwa ncha ya kitenge. Miaka na miaka, kila alfajiri mumewe alipokuwa anatoka kwenda mashineni, yeye alikuwa anamwambia kutoka mlangoni, "Uende salama, mume wangu," naye alikuwa anakwenda zake bila kugeuka. Mwisho akaacha kumwambia. Aliamini mumewe amemchoka. Kuna asubuhi alizokaanga maandazi huku analia, na mtu akiuliza anasema ni moshi. Hakuwahi kumwambia yeyote, hata Omega.

Hakulisema hilo mbele ya fundi. Walimlipa, wakamshukuru, na Muhidin akawasindikiza na agizo moja la mwisho: "Mama, kuanzia leo masikio ya gari hili ni wewe."

Kwenye mlima wa kwanza Agapiti alianza kutoka jasho.

"Imezima?"

"Inaenda!"

"Inagonga?"

"Haigongi! Punguza gia, twende!"

Gari likapanda, tulivu, kama mwalimu alivyoliacha. Walipofika juu, Scolastica alilegeza mkanda wake, akasogeza mdomo kwenye sikio la mumewe na kutumia sauti yote anayoitumia kuuzia maandazi sokoni.

"UENDE SALAMA, MUME WANGU!"

Wanawake waliokuwa wakianika mpunga kando ya barabara waliinuka kutazama. Agapiti aliyumbisha usukani, akaurudisha, akamgeukia mkewe kwa mshangao, kisha akamwona alivyo na machozi, na bila kuambiwa akafahamu kwamba maneno hayo si mara ya kwanza kusemwa.

"Ulikuwa unaniambia hivyo?"

"Kila siku!"

Agapiti alikaza mikono kwenye usukani hadi mteremko ukaisha. Kisha akajibu kwa sauti ileile ya kibanda cha mashine, jibu la alfajiri zote alizokwenda bila kugeuka.

"Ahsante, mke wangu! Nimesikia!"

Waliingia Mlimba jua likiwa bado juu. Omega, akiwa na mtoto mgongoni, alitoka mbio barabarani akidhani wazazi wake wanagombana, maana aliwasikia kabla hajawaona, na gari lenyewe hakulisikia kabisa.